Mwezi Nyuma ya Bega Lako

Nyumbani,
Jumapili jioni.

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na baada ya salamu nataka kujua hali yako. U mzima? Kifua hakikubani? Baridi ya huko haijakuchosha bado? Sisi huku hatujambo. Tunakula, tunalala, tunaamka, na anayeumwa anaumwa kwa kiasi chake. Shangazi magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake u mzima kabisa na unafanya kazi kwa niaba ya viungo vingine vyote. Habari za Mama nitakueleza taratibu, maana yeye ndiye hasa aliyenifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa kuletewa barua. Siku hizi nani anaandika barua? Hata mimi ningependa kukupigia, lakini simu ina kasoro moja: mtu akibanwa na maneno husema mtandao unakatika, na mara kweli unakatika. Barua huwezi kuikatia njiani. Unaweza kuichana, lakini mpaka hapo utakuwa umeshaanza kuisoma. Utashangaa pia kuona bahasha haina stempu. Usiwe na haraka, hilo nalo nitalifikia.

Kwanza Mama. Macho yake unajua yalivyokuwa. Ule ugonjwa wa mtoto wa jicho ulianza kama ukungu kidogo, yeye akawa anafuta miwani kutwa nzima akidhani miwani ndiyo chafu. Sasa amefika mahali ambapo ananitambua kwa miguu, yaani kwa mlio wa viatu vyangu mlangoni, na Shangazi anamtambua kwa kelele. Daktari amesema hakuna tena kungoja. Alhamisi hii anafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na Ijumaa asubuhi bandeji inafunguliwa. Daktari ana matumaini makubwa. Amemwambia ataona hadi uzi ukiingia kwenye tundu la sindano.

Wewe mwenyewe ulisikia alichokuomba. Alikwambia bandeji ikifunguliwa anataka sura ya kwanza kuiona iwe yako. Ukamjibu kwamba unatamani kuliko chochote, ila watabiri wa hali ya hewa wametangaza theluji nzito na huenda uwanja wa ndege ukafungwa. Mama hakulalamika. Alikata simu, akasema kama mwanawe atazuiwa na theluji, basi yeye aletewe hospitalini ile picha ya mwanawe ya kwenye theluji. Anataka aione vizuri kwa jicho jipya, maana miaka yote ameitazama kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Nikamwahidi kwamba Ijumaa nitaibeba.

Picha yenyewe unaikumbuka. Ulitutumia kwenye simu, Mama akaipeleka studio ikakuzwa na kutiwa fremu, na mpaka leo inaning'inia juu ya televisheni. Umesimama katikati ya weupe mtupu, weupe umekufunika miguu hadi chini kidogo ya magoti. Umevaa lile jaketi nene la marehemu Baba, la kuingilia vyumba vya baridi, alilokuvalisha kwa mikono yake siku tuliyokuaga. Umekunja mikono kifuani, unacheka. Nyuma ya bega lako la kushoto kuna duara linalong'aa, limekatizwa na mistari myeusi myembamba. Ulieleza kwamba hiyo ndiyo theluji ya kwanza ya mwaka, na kwamba mwenzako amekupiga picha jioni mkitoka kazini.

Mama ndiye aliyesema lile duara ni mwezi. Shangazi akakubali haraka, jambo ambalo si kawaida yake, akaongeza kwamba ile mistari ni matawi ya mti uliopukutika majani, na ule mmoja uliopinda ni tawi lililovunjwa na upepo. Jirani yetu fundi cherehani naye aliitwa kuja kutazama. Akakaza macho, akatoa hukumu kwamba mwezi wa huko ni mdogo kuliko wa kwetu, labda umesinyaa kwa baridi. Tulicheka sana siku ile. Tulicheka, lakini tuliamini, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kutoamini.

Sasa nataka nikukumbushe jambo la zamani. Unazikumbuka Jumamosi za karakanani? Mteja akileta friza iliyojaa barafu, Baba kabla hajaigusa alituita tusimame mbele yake kama wanafunzi. Alikwangua kwa mwiko wa mbao ule unga mweupe uliojijenga kwenye mabomba, akauweka kwenye kiganja chako. Kisha akavunja kipande kutoka kwenye kibati cha maji yaliyoganda, akakiweka kwenye changu. Akauliza ipi barafu na ipi theluji. Sisi tukajibu kwamba zote ni barafu, mradi zinauma mkono.

Naye akaeleza, kwa uvumilivu ambao wateja wake hawakuwahi kuuona. Kipande changu, alisema, kilikuwa maji kwanza. Yalimwagwa kwenye kibati, yakatulia, yakaganda yakiwa yameshikamana, na ndiyo maana ni kigumu, ni kizito, unaona vidole vyako upande wa pili, na kikivunjika kinatoa pembe za kukata. Ule unga wako haukuwahi kuwa tone la maji. Ulikuwa unyevu wa hewani tu. Mlango ulipofunguliwa ukaingia, ukagusa bomba la baridi, ukaganda palepale chembe juu ya chembe na hewa ikabaki katikati, ndiyo maana ni mweupe na mwepesi, na ukiufinya unakubali kufinyangwa. Theluji inayoanguka kutoka mawinguni, akasema, ni ndugu wa huu unga: mvuke unaganda huko juu bila kupitia kwenye maji, unashuka kama manyoya, na ukikanyaga unaacha unyayo wako wote. Hakuwahi kuiona kwa macho. Alisoma habari zake chuo cha ufundi, akazipenda.

Halafu kulikuwa na lile jaribio la kikombe. Alituambia tuuache ule unga wako uyeyuke kwenye kikombe, kisha tukirudishe kikombe kwenye friza. Tulipokitoa, ndani kulikuwa na kipande kigumu kama changu. Wewe ulisema nimekubadilishia kikombe, ukataka tupigane. Baba alicheka hadi akakalia ndoo. Akasema, "Hakuna aliyekuibia. Theluji ikishayeyuka, ukiigandisha tena inakuja barafu. Theluji hairudi."

Nayaeleza haya ili tusije tukadanganyana kwamba ulisahau. Wewe ndiye ulikuwa ukiyarudia shuleni kwa majivuno, mpaka wenzako wakakuita Profesa Friza.

Siku picha ilipoletwa kutoka studio, Baba aliomba aishike yeye. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Akavaa miwani, akavua, akaifuta kwa shati, akavaa tena. Mama akamwuliza mbona anaitazama kama kompresa mbovu ya friji, anaona nini humo. Akajibu kwamba anaona mwanawe amenenepa. Akairudisha mezani, akaenda karakanani na hakuwasha redio.

Wiki ileile akasema anasafiri kwenda mji wa bandari kutafuta kipuri. Akabeba sanduku lake jekundu la zana, na ile chupa ya chai ya buluu ambayo Mama aliipenda kuliko vyombo vyake vyote. Akarudi kesho yake hana kipuri wala chupa ya chai. Mama alimgombeza kwa ile chupa, na mimi nikamtania kwamba uzee umeingia, amepanda basi nusu siku kufuata kitu na kurudi mikono mitupu. Hakukasirika. Alisema kipuri alikiona, ila hakikuwa cha kuja nacho.

Tangu hapo ukipiga simu Baba alikuwa na kazi. Mara bisibisi imedondoka, mara mteja yuko mlangoni. Sisi tulidhani amekununia kwa kuwa umekawia kurudi. Mama akawa anakuombea msamaha kwa mumewe, na anakuombea kila usiku kwa Mungu pia.

Alipougua na kuzidiwa, kuna siku nilikuwa nikimbadilishia mto. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Akasema, "Nikifa msimsubiri. Nizikeni." Nikamwambia Baba usiwe na moyo mgumu, mwanao anakupenda, atakuja. Akauachia mkono wangu. Kisha akaomba maji.

Akafa, nasi tukakusubiri. Ulilia kwenye simu na Mama akalia. Ukasema tiketi unayo mkononi, ila theluji imefunga uwanja wa ndege, ndege zote ziko chini, hata mbwa hatoki nje. Tukamwacha Baba kwenye chumba cha baridi cha hospitali, kilekile alichokuwa akiitwa kukitengeneza kila kikikorofisha. Mhudumu wa pale alimfahamu. Aliniambia kwa upole kwamba amemlaza mzee pembeni, mahali ambapo baridi ni sawasawa, kwa sababu mzee mwenyewe ndiye aliyemwonyesha pembe ile. Kila asubuhi Mama alikuuliza kama theluji imeyeyuka, na kila asubuhi ulimjibu kwamba bado inaanguka.

Asubuhi moja nilishika simu mimi. Nyuma ya sauti yako nikasikia koleo likikwaruza, krr, krr, kama mtu anayechota kokoto. Nikakuuliza ni kelele gani hizo. Ukasema ni watu wanaondoa theluji barabarani. Nikakuonea huruma, kaka. Nikamwambia Mama kwamba, masikini, watu wanajitahidi kukufungulia njia. Mwisho wazee wa ukoo wakasema maiti hawezi kuteswa zaidi, tukazika. Mahali pako nilisimama mimi.

Na harusi yangu nimeiahirisha mara mbili nikikungoja usimame badala ya Baba. Mara zote mbili theluji. Mchumba wangu, yule mwalimu wa hesabu, ni mtu mpole, lakini safari hii aliniuliza kama kuna nchi duniani ambayo theluji yake inafuata kalenda ya ukoo wetu. Nilimnunia siku nzima. Nilimwambia hana utu.

Sasa nifike kwenye bahasha isiyo na stempu.

Karakana ya Baba ninaiendesha mimi, hilo unalijua. Wateja waliokuwa wakimwita yeye Fundi, mimi wananiita Fundi Mdogo, na wale waliodhani mwanamke hawezi kubeba kompresa wamezoea. Majuzi nikapigiwa simu na msimamizi wa kiwanda cha barafu cha mji wa bandari. Fundi wao amehama, chumba chao cha kuhifadhia hakipoi vizuri, na namba yangu amepewa na muuza vipuri. Nikabeba sanduku jekundu la Baba, nikapanda basi.

Getini mlinzi hakunitazama mimi, alilitazama sanduku. Akasema sanduku hili analijua, bawaba yake ya waya anaijua, kuna mzee alikuja nalo zamani. Nikadhani ananitania, nikacheka, nikapita. Nilikuwa na kazi.

Mashine yao ni nzuri. Kuna ngoma ya chuma inayozunguka, yenye ubaridi mkali, maji yanamwagiwa juu yake, yanaganda kama ngozi nyembamba, na kisu kinaibandua ile ngozi inaanguka chumba cha chini. Wanauzia magari ya samaki. Nikashuka chumba cha chini kuangalia feni. Kutoka mlangoni lile lundo ni jeupe, ungeapa ni kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Nilipolikaribia nikaona ni vipande bapa vyenye pembe, vinang'aa kama kioo cha dirisha kilichovunjwa. Nikakanyaga, vikaporomoka, havikushika unyayo. Nikachota na kufinya. Havikufinyangika, vilinichoma kiganja tu na kuanza kudondoka maji. Hiyo ilikuwa barafu halali, iliyotoka kwenye bomba la maji kama barafu zote. Nikakumbuka Jumamosi zetu, nikatabasamu peke yangu. Nakuapia nilitabasamu.

Kisha nikainua kichwa kutafuta swichi. Ukutani, juu ya mlango, kulikuwa na taa ya duara iliyofunikwa kwa wavu wa waya mweusi. Waya mmoja umepinda kuelekea nje.

Kaka, nikauona mwezi wetu.

Sikuamini mara moja. Nilijisogeza mahali pale ambapo mpiga picha angesimama, nikafumba jicho moja. Tawi lililovunjwa na upepo lilikuwepo. Ukuta mweupe ambao miaka yote tulidhani ni ukungu ulikuwepo, na ule mstari wa wima, ambao Shangazi alisema ni moshi wa nyumba ya mbali, ni mahali mabati mawili ya ukuta yanapokutana. Nyuma yangu mtu akaanza kupakia barafu kwenye kreti kwa koleo. Krr, krr. Nikaketi juu ya theluji yako, fundi mzima, mpaka suruali ikalowa.

Nilipotoka nilimrudia mlinzi, nikamwomba anieleze habari za mzee mwenye sanduku. Hakujua anazungumza na nani, kwa hiyo alieleza yote, kwa starehe, kama mtu anayesimulia mchezo wa mpira. Mzee alifika asubuhi, akamtaja kijana kwa jina lake, akasema ni mwanawe. Mlinzi akaenda kumwita. Yule kijana akachungulia nyuma ya lori, akamwona mzee getini, akarudi ndani na kumwambia mlinzi aseme hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mlinzi akarudi akasema hivyo. Mzee hakubisha. Kutoka pale getini alikuwa ameshaliona jaketi.

Maneno aliyoyaacha mlinzi anayakumbuka mpaka leo, kwa sababu anasema hajawahi kupewa ujumbe kama ule. Mzee alisema, "Basi mwambie huyo asiyekuwapo kwamba zipu ya jaketi hukwama kwa chini. Aipake nta kidogo, itapanda." Akamkabidhi chupa ya chai, ikiwa bado ya moto, akamwomba ampe huyohuyo asiyekuwapo. Kisha akageuka kwenda kituo cha basi.

Nilimwuliza mlinzi kama huyo kijana bado yupo. Akacheka. Akasema Msafiri yupo sana, ndivyo wanavyomwita, maana alikuja na begi akisema anamngoja wakala wake wa safari siku mbili tatu tu, na wakala hajatokea hadi leo. Akanionyesha kwa kidole. Ulikuwa umekaa juu ya kreti wakati wa mapumziko, unawachekesha wenzako kwa mikono kama zamani, na miguuni pako ilikuwepo chupa ya buluu ya Mama. Mimi nilikuwa nyuma ya lori. Nadhani ni palepale uliposimama wewe. Ningeweza kukuita, hatukuwa mbali. Nikaona nikikuita nitakupiga kwa spana mbele ya watu, nikaondoka.

Sikufichi kitu, kaka: nimekuchukia. Nimelala na chuki hiyo na kuamka nayo, na kazini naikuta imenitangulia. Kwamba hukufika ng'ambo, hilo ningekusamehe kabla hujamaliza kulisema. Umetapeliwa, wangapi wametapeliwa? Ungerudi siku ile ile ukiwa na begi lako, Shangazi angekucheka wiki moja na wiki ya pili angekupikia. Hata picha ningeisamehe. Aibu humfanya mtu afanye mambo ya ajabu, na nahisi ulidhani ni uongo wa siku chache.

Lakini ulimwona baba yako getini ukajificha. Kisha alipokufa ukatuacha tumweke kwenye baridi siku baada ya siku tukingoja theluji iyeyuke, na wewe uko nusu siku kwa basi, unachota barafu kwa koleo na simu iko sikioni. Ulilia kweli, nilikusikia. Hilo ndilo linalonitesa zaidi, kwamba machozi yalikuwa ya kweli na bado hukupanda basi. Na Baba alikuwa anajua. Alijua tangu alipoipeleka picha mlangoni penye mwanga, kwa sababu fundi wa mafriji huwezi kumwuzia barafu ukamwambia ni theluji, na barafu bapa ya aina ile alijua inatengenezwa wapi. Alinyamaza kwa ajili ya Mama, akaubeba uongo wako mpaka akafa nao, na mimi, kwa kukutetea wewe, nikamwita mtu wa moyo mgumu. Yale ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho yenye maana. Hayo umenichukulia, na huna namna ya kunirudishia.

Sasa nisikilize vizuri. Mama hajui lolote. Sijamwambia yeye, wala Shangazi, ambaye ukimwambia yeye umeshawaambia wote. Lakini Ijumaa Mama ataona. Ameishi na fundi friji maisha yake yote ya ndoa. Alimpelekea Baba chakula kwenye kila chumba cha baridi cha mji huu, na taa zenye wavu anazijua kama anavyojua masufuria yake. Alichoona ni mwezi kwa sababu macho yalikuwa na ukungu na moyo ulikuwa na hamu. Jicho jipya halina ukungu. Picha ameiomba, nimemwahidi, nitaipeleka. Sitaichana, sitasema imepotea, sitasema fremu imevunjika. Uongo wa nyumba hii umetosha, mimi sitauongeza hata kidogo.

Kwa hiyo chaguo ni lako. Ama Ijumaa asubuhi bandeji ikifunguliwa Mama akukute wewe mwenyewe umekaa mbele yake, umwambie kwa mdomo wako, au akute ile picha, na taa ya kiwandani imwambie kwa niaba yako. Kesho narudi huko kufunga feni mpya, na barua hii nitamwachia mlinzi. Nimeshamwambia ampe Msafiri. Basi la kwanza linaondoka kila siku alfajiri, kituo kiko ng'ambo ya geti lako. Barabara yote nimeipita mwenyewe, kwenda na kurudi. Haina theluji.

Ukija, usitegemee nikupokee kama nilivyokupokea kichwani miaka yote hii. Nitakupa kiti, nitakuwekea chakula, nitakuonyesha kaburi la Baba. Harusini utasimama, kama utataka, kwa kuwa huna mbadala. Lakini unakumbuka tulichokikuta kwenye kile kikombe. Usije ukanishika shati ukisema nimekubadilishia.

Nisikuchoshe zaidi. Shangazi anakusalimu, na anauliza kama huko mna dawa nzuri ya magoti. Fundi cherehani anakusalimu, anasema suti yako ya harusi hawezi kuanza kuishona bila vipimo. Mchumba wangu angekusalimu pia, ila sasa ninamwogopa kidogo kwa jinsi alivyokuwa sahihi.

Mama yuko hapa pembeni, amesikia kalamu ikikwaruza akauliza namwandikia nani. Nikamwambia wewe. Amefurahi sana. Anasema ujitunze, usitoke nje kichwa wazi, na lile jaketi la baba yako ulifunge zipu mpaka juu, baridi isikuingie kifuani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Mdogo.